Pale Ngozi Inaposhikana

Chumvi ndiyo iliyoniambia kwanza. Ilikuwa mwezi wa sita, ufuta umekatwa na kusimamishwa shambani ukauke, nami nipo jikoni kwangu kijijini Malolo, Ruangwa, naonja kisamvu. Upande wa ndani wa shavu ukawaka moto. Nikadhani mkono umeteleza kwenye chumvi, nikamwita Zuhura aonje. Akasema haijakolea hata kidogo, akaongeza.

Baada ya chumvi ilikuja zamu ya ndimu, kisha chai ya moto, mwisho ugali wenyewe. Nikipiga mswaki ufizi unachubuka. Ndani ya mdomo yalikuwa yanatoka malengelenge yanayopasuka kabla sijayaona, yanaacha nyama mbichi. Mimi ni mtu wa maneno mengi, wanaonijua hawatabisha. Nashona nguo barazani, na nusu ya wateja wangu wanakuja kupiga soga, kitambaa ni kisingizio. Kufika mwezi wa nane nilikuwa nawajibu kwa kichwa na mikono.

Ninayemwandikia ni yule ambaye mdomo wake hauponi, ameshapewa dawa za fangasi mpaka amechoka, na kila anayemtazama ana jibu lake. Nawaandikia na wa nyumbani kwake pia. Mambo ya kidaktari sitayaeleza kwa kuwa siyajui. Nitasema nilivyokaa nayo.

Lakini nieleze kwanza habari ya Zuhura, maana bila yeye huenda ningeukubali ugonjwa ule nikalala nao. Zuhura ni mtoto wa mdogo wangu Fatu, ambaye ni marehemu. Nimemlea tangu yuko darasa la pili. Kwetu, siku wali, wasichana waliowekwa ndani kufundwa, wanapotoka unyagoni, msichana haletwi mbele ya watu kwa miguu yake. Anavalishwa nguo mpya, anafunguliwa mwavuli, na mwanamke wa kwao anambeba mabegani, ngoma ikiwa mbele. Fatu nilimbeba mimi. Alipokuwa kitandani kwa ugonjwa uliomchukua hakuniomba mambo mengi. Aliniomba na mwanawe nimbebe. Nilikubali palepale, kwa sababu mabega nilikuwa nayo na sikuona jambo la kufikiria. Zuhura angetolewa Desemba ya mwaka uliofuata, akishamaliza darasa la saba.

Sasa nije kwenye makosa yetu. Mwezi wa saba na wa nane huku kwetu ni wakati wa salfa, ule unga wa njano unaopuliziwa mikorosho ili maua yasiharibiwe na ubwiriunga. Mashine zinaanza kunguruma alfajiri, na kukikucha majani, nguo zilizoanikwa, hata kuku, vyote vina vumbi la njano. Macho yanawasha, kifua kinakereka. Kila mtu ana kisa chake cha salfa. Kwa hiyo malengelenge yaliponitoka kifuani, kisha kichwani ndani ya nywele, hakuna aliyeuliza ni nini. Nilikuwa nimeunguzwa na salfa.

Mume wangu, Baba Issa, ni mpole kupita kiasi. Lakini safari hiyo alikwenda kwa jirani yetu wa shamba la juu, ambaye upepo wa upande wake unashuka kwetu, akamwambia mashine yake imemharibia mke. Jirani akamjibu kwamba watoto wake mwenyewe wanashinda ndani ya wingu hilohilo na hawana hata kipele. Wakafikishana ofisi ya kijiji. Walirudi kutoka huko hawasalimiani, watu waliokuwa wakichanga mbegu na kuzikana. Mimi nilikaa ndani nikipakwa mshubiri na mafuta ya nazi, na kwenye kituo kimoja cha afya nikapewa ile dawa ya zambarau. Nikawa na mdomo wa zambarau usiopona.

Uamuzi ukawa nihamishwe mpaka salfa iishe. Wifi yangu Salima, dada mkubwa wa Baba Issa, anakaa Nachingwea mjini, mbali na mashamba. Nilikwenda na begi la kanga nyepesi, Zuhura akabaki Malolo kwa ajili ya shule. Kwa Salima hakuna mkorosho hata mmoja wa kutolea mfano. Haikupita muda, yakatoka mengine mapya mgongoni, makubwa kuliko ya mwanzo. Salima alisimama nyuma yangu akayaangalia bila kusema kitu, na Salima kunyamaza ni jambo zito.

Mwishoni akasema, "Wifi, salfa gani hii inayopanda basi?"

Tangu hapo salfa ikafutwa, ukaingia ukimwi. Salima hakuutaja kwa jina. Alinunua kikombe cha bluu akakiweka peke yake kwenye kona ya kabati, akaniambia hicho ndicho changu. Nilikwenda kupima. Sikuwa nao. Nilimpa jibu akasoma, akarudia kusoma, akanirudishia. Kikombe kiliendelea kukaa kwenye kona. Niliumia sana siku hiyo, zaidi ya vidonda, na nalisema hapa kwa sababu nimeshamwambia mwenyewe.

Lakini Salima huyohuyo ndiye aliyeona kwamba shuka linanimaliza. Nikilala linagandana na vidonda, asubuhi linatoka na ngozi. Alikuwa amewahi kuuguza mtoto aliyemwagikiwa na uji, akakumbuka majani ya migomba. Alikata majani machanga, akayapitisha juu ya moto yalegee, akayapaka mafuta na kunitandikia kitanda kizima. Jani halishiki kidonda. Kila siku kukipambazuka alikuwa uani kwa watu anaomba majani, jioni anatandika mapya, huku anasema maneno yake makali kuhusu watu waliooa wanawake wazima wakamrudishia yeye wagonjwa. Ukikosa kila kitu na shuka linakuumiza, tafuta mgomba.

Chakula nacho kilikuwa kazi. Uji nilikunywa umepoa kabisa, ndizi mbivu nikaponda. Siku moja mwanamke anayepitisha maziwa alinikuta nimekaa kizingitini, kijiko mkononi, machozi yananitoka kwa sababu ya uji. Huyo ni Mama Kulwa. Ni Msukuma, familia yao ilihamia upande wa Nambambo na ng'ombe zao miaka michache iliyopita, na wenyeji wengi walikuwa bado hawajawazoea. Kesho yake alikuja na mtindi mzito, wa baridi, akaketi chini mbele yangu na hakunyanyuka mpaka aone nimemeza.

Akaniambia, "Ng'ombe akitoka malengelenge ulimini, sisi hatumlazimishi majani makavu. Kunywa polepole tu, mama. Mimi sina haraka."

Ulipita kooni bila kuchoma. Tangu siku hiyo alianza kunipitia mimi kabla ya wateja wake. Na kwa kuwa watu hawawezi kukaa bila jibu, neno likatoka kwamba nimeambukizwa na ng'ombe, na baadhi ya majirani wakaacha kununua maziwa yake. Yeye aliendelea kuja. Nilijiambia nikimpata daktari wa kweli, hilo ni swali nitakalomuuliza.

Nilimpata mabibo yalipoanza kuiva. Daktari mmoja hospitalini aliniangalia kwa muda mrefu, kisha akaweka kidole gumba pembeni ya lengelenge, kwenye ngozi iliyoonekana nzima, akasukuma taratibu. Ngozi ikasogea. Ilisogea kama utando wa maziwa yaliyochemka unavyosogea ukiugusa. Akasema hii si salfa, si kuungua, na niende Dar es Salaam kwa madaktari wa ngozi, nisichelewe.

Basi tulipanda Ruangwa alfajiri, mimi na Baba Issa. Nilikaa njia nzima nimeinama mbele, viwiko juu ya magoti, kwa sababu mgongo ukigusa kiti unabaki kwenye kiti. Baba Issa aliweka mkono wake kwenye chuma cha kiti cha mbele ili kichwa changu kisigonge pakitokea tuta.

Kliniki ya ngozi ina mabenchi marefu, na ukikaa unajifunza watu. Nilikaa, mama aliyekuwa kando yangu akasogea, na wa pili yake naye akasogea, mpaka nikawa na benchi yangu. Mzee mmoja mwenye ualbino, kofia pana kichwani, alikuwa benchi ya nyuma. Aliinuka, akazunguka, akaja kukaa karibu nami kabisa, akafungua redio yake ndogo. Hakunipa pole wala hakuniuliza ninaumwa nini. Tulisikiliza matangazo ya vifo na bei za mazao mpaka nikaitwa.

Walinikata kipande kidogo cha ngozi pembeni ya lengelenge jipya. Tulisubiri majibu Mbagala kwa binamu yake Baba Issa, na kusubiri huko sitaki kukusimulia kwa urefu. Nilikuwa nimekonda mpaka pete inateleza. Vidonda vilikuwa vinanuka, ninajua, nilikuwa naviosha mwenyewe. Baba Issa alikuwa analala sebuleni kwenye mkeka na mimi chumbani, nikaamini ananikimbia harufu. Sikumuuliza. Mtu anayeumwa anajijibu mwenyewe, na majibu yake huwa mabaya.

Daktari aliyetupa majibu alikuwa mwanamke, kijana kuliko nilivyotegemea, mwenye subira. Alisema ngozi ya mtu imejengwa kwa vipande vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na vipande hivyo vinashikana kwa gundi. Gundi hiyo ina jina, desmogleini. Nilimwomba alirudie mpaka nikaweza kulitamka, kwa sababu nilitaka kumjua anayenitesa. Akasema hanitesi yeye. Kinga ya mwili wangu mwenyewe ndiyo imekosea ikaiona gundi ile ni adui, inaila, na vipande vinaachiana.

Kisha akanitajia mahali inapokaa. Ipo kwenye ngozi yote ya nje. Ipo kwenye midomo, ulimi, mashavu kwa ndani, ufizi, koo, na njia ya chakula. Ipo puani na kwenye sehemu za siri. Alivyokuwa akitaja, nilikuwa nikiitikia kwa kichwa, maana alikuwa anapita kwenye mwili wangu kidonda hadi kidonda bila kunigusa, hata vile ambavyo sikuwa nimemwambia mtu yeyote, mume wangu akiwemo. Nikamuuliza kuhusu tumbo. Akasema huko utumbo una gundi ya namna nyingine, ugonjwa huu hauifuati. Ulikuwa wema wa kwanza niliousikia. Kumbe nikifanikiwa kumeza, kilichobaki ni salama.

Nikauliza swali la Mama Kulwa. Daktari alitabasamu. Akasema ng'ombe anayo gundi hiyo, mbuzi anayo, mbwa, nyani, wote wanayo, kwenye ngozi zao na midomo yao kama sisi, na wanyama wengine kama mbwa na farasi wanaweza kupata ugonjwa wa jinsi hii wa kwao. Lakini hawampi mtu, na mtu hampi mtu, wala kwa kikombe, wala kwa kitanda. Malengelenge ya ulimi wa ng'ombe aliyoyasema Mama Kulwa ni ugonjwa mwingine kabisa. Akaongeza kwamba maabara nyingine hupima damu ya wagonjwa kama mimi juu ya kipande cha koo la nyani, kwa sababu gundi iko palepale ilipo kwetu. Baba Issa, aliyekuwa kimya tangu Ruangwa, akasema kumbe wale nyani wanaotumalizia mahindi wana kazi duniani. Nilicheka, mdomo ukapasuka, damu ikatoka, nikaendelea kucheka.

Tulipokuwa tunainuka nikauliza lililonileta hasa. Nilimweleza desturi yetu, na Zuhura, na Desemba ya mwaka unaokuja.

"Mabegani ipo?" nikamuuliza.

"Gundi? Mabegani ipo, mama, kama ilivyo kifuani. Na kwa sasa haishiki. Tuanze dawa, mengine tutayaangalia yakifika."

Vidonge nilianza kabla ya mwaka mpya. Vingi, vyote asubuhi baada ya kula, na vingine vya kuituliza kinga ambavyo vilinilazimu kupima damu mara kwa mara. Nilirudi Malolo mvua zimeshashika. Jambo la kwanza alilofanya Baba Issa, hata kabla ya kubadilisha nguo, ni kupanda shamba la juu kwa jirani. Sijui walisema nini. Alirudi na kikapu cha mbegu za choroko.

Nawaambia ukweli kuhusu vidonge, kwa sababu mimi sikuambiwa na mgonjwa mwenzangu. Malengelenge mapya yaliacha kutoka baada ya wiki chache. Hapo utafurahi. Kisha uso utajaa kama mkate wa kumimina. Utakuwa na njaa isiyo na adabu, utamaliza kula na kutazama sahani za wenzako. Usingizi utakimbia. Utafoka. Nilimfokea Zuhura kwa ajili ya ufagio, mtoto akatoka nje akalia, nami nikabaki nashangaa sauti ile imetoka wapi. Nilipokwenda sokoni Ruangwa watu walinipongeza. Wanasema Mama Issa umenawiri, korosho zimekubali. Mimi huku mapaja hayawezi kuniinua kwenye kigoda bila kushika ukuta.

Kuna dada niliyekutana naye kliniki, mdogo kwangu, mzuri wa sura. Aliuchukia uso ule wa mviringo akaacha vidonge bila kumwambia mtu. Nilimwona tena aliporudishwa, amelazwa, amefunikwa chandarua ili nzi wasimguse. Usiache vidonge. Chukia uso wako, lia, geuza kioo ukutani kama nilivyofanya mimi, lakini meza. Daktari ndiye atakayepunguza.

Mdomo ulikuwa wa mwisho kupona. Zilipokatika mvua, ngozi ya kifua ilikuwa imefunga na kuacha madoa meusi, nywele zinarudi, lakini shavu la ndani bado bichi. Mwezi wa Ramadhani nilikula mchana kwa ruhusa ya ugonjwa, chumbani, nikiona haya. Baba Issa ndiye aliyekuwa ananiletea uji asubuhi, yeye amefunga. Siku moja nikapata ujasiri wa kumuuliza kwa nini bado analala chumba cha Issa, mwanetu ambaye siku hizi anafanya kazi Lindi. Nikamwambia harufu imeisha.

Alishangaa. Akasema kule Nachingwea, aliponitembelea, aligeuka usingizini mkono wake ukanigusa mgongoni, na asubuhi akaona kwenye mkono wake kitu alichodhani ni ganda la kitunguu. Ilikuwa ngozi yangu. "Toka siku ile naogopa kulala," akasema. "Naogopa nisije nikakuvua." Tulilia wote, yeye na saumu yake. Usiku huo akarudisha mto wake.

Mwezi wa sita uliporudi nilikuwa nimepona, kwa hesabu yangu. Ufuta ulikuwa mzuri. Nilikwenda Nachingwea kumwona Salima nikiwa na mkoba wa bega uliojaa choroko za zawadi. Nilipovua nguo kuoga, mahali ulipokaa mkanda wa mkoba palikuwa na lengelenge, refu, jembamba, limejaa maji. Nilikaa chini kwenye sakafu ya bafu.

Salima aliona. Safari hii hakunyamaza. "Mkoba tu umekutoa ngozi. Na Zuhura je, ambaye sasa hivi anakaribia kunipita kimo? Akikuteleza juu mbele ya watu, umeaibika wewe na yeye. Nitambeba mimi. Nimeshabeba wengi."

Alikuwa na haki, hilo ndilo lililoniudhi. Nilirudi nyumbani nikamweleza Zuhura kwamba shangazi yake huenda ndiye atakayembeba. Aliniambia sawa, Mama, akaendelea kuosha vyombo, na akaosha sufuria moja muda mrefu sana. Kule Dar daktari alipandisha vidonge kidogo, akanionya nisivae kitu cha kubana. Nilimuuliza tena kuhusu Desemba. Hakukataa. Alisema ngozi ikikaa miezi bila lengelenge jipya, gundi itakuwa imerudi kazini, lakini vidonge vimeila misuli na vinaweza kuwa vimegusa mifupa. Akaniambia nianze na kitu kimoja, niinuke kwenye kigoda bila kushika ukuta.

Kwa hiyo nilianza na kigoda. Mwezi wa saba sikuweza. Mwezi wa nane, salfa inapuliziwa, mashine zinanguruma, niliinuka nikarudi chini kwa kishindo. Mwezi wa tisa niliinuka nikasimama. Zuhura alipomaliza mitihani yake, Baba Issa alikunja blanketi akaniwekea mabegani, akapakia juu yake kiroba cha ufuta, nusu, akaninong'oneza nizunguke nyumba. Alitembea nyuma yangu mikono ameiinua hewani, bila kukigusa kiroba. Kesho yake alfajiri aliwasha tochi ya simu akayakagua mabega yangu kama fundi anayekagua ukuta. Wekundu tu, na kufika adhuhuri haukuwepo. Tukaongeza ufuta.

Watu wakaanza kutuona. Mwanamke mzima anazunguka nyumba na kiroba shingoni, mumewe nyuma, jioni baada ya jioni. Sikuwaeleza. Jirani wa shamba la juu aliuliza kama tunapima uzito wa mazao kwa njia mpya.

Salima alikuja Malolo siku mbili kabla wali hawajatolewa, na nguo zake za kubebea, kiatu cha raba na kanga nene. Nilimwonyesha mabega. Aliyatazama, akayabonyeza kwa kidole gumba pembeni ya doa jeusi, vilevile kama alivyofanya yule daktari wa kwanza. Akasukuma. Ngozi haikwenda naye. Akasukuma tena kwa nguvu zaidi, nikamwambia unaniumiza, akasema nyamaza.

Alikwenda kukaa kwenye mkeka. Kisha akasema, "Basi. Lakini mimi nitakuwa nyuma yako hatua kwa hatua. Ukichoka sema, usijifanye shujaa. Ukimwangusha huyo mtoto sitakutetea."

Asubuhi ya siku yenyewe mvua ilinyesha ikaacha. Wali walikuwa wengi, kila mmoja na ndugu zake, miwani ya jua, mwavuli wa rangi, maua ya karatasi. Mama Kulwa alikuja kutoka Nambambo na madumu ya maziwa ya wageni, na waliokuwa wamemkimbia walikunywa wakaomba mengine. Zuhura alitoka ndani ya nyumba ya kungwi amefunikwa, macho chini kama inavyotakiwa. Nilipiga magoti mbele yake kwenye tope. Salima akamshika upande mmoja, Baba Issa, ambaye si mahali pake kuwa karibu, akasimama mbali akikunja na kukunjua kofia yake. Mtoto akaniketia mabegani.

Kuinuka nilifikiri nisingeweza. Mapaja yalitetemeka, Salima nyuma yangu akavuta pumzi kwa nguvu, nami nikasimama. Ngoma ikapigwa. Tulikwenda polepole kutoka kwa kungwi mpaka uwanja wa mpira, wanawake wakipiga vigelegele, mwavuli ukinidondoshea maji ya mvua usoni. Njiani nilimkumbuka Fatu, alivyokuwa mwepesi siku yake, alivyonishika masikio yangu kwa kuogopa kuanguka. Huyu wake alinishika kichwa kwa mikono miwili, akavumilia. Tulikaribia goli la kwanza ndipo akainama, mwali hatakiwi kusema mbele ya watu, akaninong'oneza.

"Mama, unaumia?"

Nilimwambia ukweli. Shingo inaniuma, kiuno kinaniuma, magoti yananiuma, na wewe ni mzito, umekula nini huko ndani. Nikamsikia anacheka juu yangu, mwili wake wote unatikisika, nami nikaendelea kutembea. Ngozi sikuitaja, kwa sababu sikuwa nikiikumbuka.